Maji Niliyokuonyesha kwa Kidole

Mpendwa baba mkwe,

Karatasi iko mezani tangu tulipomaliza kula mchana, na haina kitu. Mwanao Yusufu amepata fundi wa kukutengenezea kibao cha saruji pale makaburini, maana mvua za huku zimeshakula kile cha mbao, na fundi amesema kazi yake yeye ni kuchonga tu, jina aandikiwe kwa herufi kubwa naye atanakili. "Andika wewe," Yusufu akaniambia, "mwandiko wako ni mzuri." Akaweka kalamu juu ya karatasi, akaenda zake sokoni. Hajui alichoniomba. Kesho asubuhi fundi anapitia karatasi yake, na kabla sijaandika hilo jina, kama nitaliandika, nina maneno ya kukuambia.

Wewe unajua, lakini barua hii nataka isomwe na wengine pia, kwa hiyo acha nieleze mbele yako. Mimi ni mtoto wa Kyimo. Kwetu mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hamgusi, na jina lake halitamki maisha. Ukikutana naye njiani unaingia migombani na kumpa mgongo mpaka apite. Tunaita ukutila, na ndani ya neno hilo kuna woga na kuna heshima, huwezi kuvitenganisha. Siku ya kuja kwenu mama yangu alinishika masikio yote mawili. "Gwe mwana, mkwe hatasamwi," akasema kwa Kiswahili chake, kwa sababu mshenga wenu alikuwa amesimama pale na alitaka naye asikie. "Na jina lake lisipite mdomoni mwako. Hata maneno yanayofanana nalo, yaache."

Nyinyi hamkuwa watu wa mambo hayo. Babu yako alitoka pwani na biashara ya nguo, wewe ukazaliwa Tukuyu na ukajifunza cherehani Tukuyu, lakini nyumbani kwenu mkwe alikuwa mtoto wa nyumba. Wiki ya kwanza ulimtuma wifi yangu Zaina aniambie nije tule pamoja ukumbini, dini haikatazi. Nikakataa. Nilikuwa nimebadili dini kwa ajili ya Yusufu, nikabadili na jina, na kitu pekee nilichotoka nacho kwetu kikiwa kizima ni ukutila. Ulipoambiwa ulicheka, ukasema, "Basi mimi nitakuwa nakohoa." Kweli, kila ulipokunja kona ya nyumba ulikohoa mara mbili, nami nikajua pa kupita.

Tatizo lilikuwa jina lako. Ungekuwa na jina jingine lolote ningepumzika. Lakini lako, ukibadilisha herufi moja tu, linakuwa jina la yale maji makubwa ya chumvi. Ukilipindua kidogo linakuwa lile neno ambalo nchi nzima inasalimiana nalo asubuhi. Hata chombo cha kuwekea mchuzi kinaanza kama wewe! Nikawa nasalimia watu kwa "za asubuhi" tu, mchuzi napakua kwenye "kile chombo", na yale maji sikuyahitaji, maana Tukuyu hayapo. Zaina alikuwa ananitania. "Wifi, omba Mungu usije ukapelekwa pwani. Utakuwa bubu."

Nikapelekwa. Mwaka ule biashara ilikuwa imeshafunguliwa, kila kitu ruksa, na marobota ya mitumba yakawa yanashushwa pale sokoni wiki hadi wiki. Watu waliokuwa wanakuletea vitambaa vya sare za shule na suti za harusi wakawa wanakuletea suruali za Ulaya uzipunguze kiuno. Ulikuwa unaigeuza suruali ndani nje, unapitisha vidole kwenye mishono, unasema, "Aliyeshona hii alikuwa na haraka." Macho yalikuwa yameanza kuzibwa na mtoto wa jicho, lakini vidole vilikuwa vizima. Yusufu naye akaacha cherehani akaingia kwenye mitumba. Hukumlaumu, ingawa siku alipoleta robota la kwanza hukula. Jioni hiyo ndipo uliposema unataka kwenda Songo Mnara, kisiwa ambacho marehemu baba yako alikuwa anakitaja kila mara, ukaone nyumba ya wazee wenu nyuma ya msikiti kabla macho hayajafunga kabisa.

Yusufu hakuweza kuacha meza yake sokoni. Zaina akasema ataenda yeye, lakini miguu ilikuwa inamvimba na alihitaji mtu wa kumsaidia mizigo, ndipo nikaingizwa mimi. Safari nzima mpaka Kilwa wewe ulikaa siti ya mbele na mimi ya nyuma kabisa, khanga usoni, na Zaina katikati akipokea maneno upande mmoja na kuyapeleka upande wa pili. Tulipofika Kilwa Masoko homa ikampiga. Mwenye mashua alikuwa anavuka siku inayofuata tu, na wewe hukutaka kungoja. "Nenda naye, wifi," Zaina akaniambia akitetemeka kitandani. "Leo sina mdomo wa kuwaazima."

Ndani ya mashua ulikaa mbele ukitazama kisiwa, mimi nikakaa nyuma nikitazama tulikotoka. Nahodha alidhani tumegombana. Akaniuliza kama naogopa, akataja yale maji kwa jina lake, mimi nikatikisa kichwa tu. Tulifika maji yakiwa yameondoka, tukashuka kwenye tope katikati ya mikoko, wewe ukitangulia na fimbo yako, mimi hatua kumi nyuma. Niliona kaa wenye mkono mmoja mkubwa na mwingine mdogo, niliona samaki wakitambaa juu ya mizizi nje ya maji bila wasiwasi wowote. Nilitaka sana kumwambia mtu.

Halafu mikoko ikaisha na mji ukaanza, kuta bila mapaa, milango bila mbao. Ulisimama ukaweka kiganja kwenye ukuta wa kwanza, ukakipitisha taratibu juu ya mawe. Kisha ukasema, bila kugeuka, "Ukuta, mwambie huyo aliye nyuma, mawe haya yametoka majini. Yana vitundu vya wadudu wa majini."

Nilishtuka. Kwetu watu wanaoogopana husemeshana hivyo, kupitia mtoto au hata mbuzi, lakini wewe sijui nani alikufundisha. Labda ulikuwa umeketi kibarazani miaka yote hiyo ukisikiliza wateja wako. Nikakupa mgongo, nikajibu, "Ukuta, mwambie mkubwa wako nimeviona." Tulikuwa na miaka minne chini ya paa moja, baba, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza.

Baada ya hapo hatukunyamaza. Kila ukuta tulioufikia ulipewa kazi. "Ukuta, muulize, juu ya mlango kuna nini?" Nami nikausimulia ukuta kwamba juu ya mlango kuna matundu ya mviringo, vilikuwa vimepachikwa vyombo vyeupe vya udongo wa nchi za mbali, watu wakavibandua vyote, kimesalia kipande kimoja chenye ua la buluu. Ukaomba nikuelekeze, ukakipapasa kile kipande kwa kidole gumba. Katika nyumba moja nilikuta kijumba kidogo chenye mawe mawili na shimo, nikauambia ukuta sijui ni nini. Uliingia ukapapasa, ukacheka mpaka ukashika kiuno. "Ukuta, mwambie, hata matajiri walikwenda chooni!" Nilicheka na mimi, khanga mdomoni. Mbuzi watatu walikuwa wamelala ndani ya chumba ambacho nahodha alituambia ni cha sultani.

Kwenye kuta ulikuwa fundi. Kuna mahali ulipitisha vidole ukarudi tena, ukasema, "Hapa palishonwa baadaye." Nikatazama vizuri, kweli, mawe ya upande mmoja yalikuwa mapya kidogo, mtu alikuwa ameziba mlango. Ukatoa ile futi ya kupimia watu mfukoni ukapima upana wa mlango wa zamani, kisha ukajipima mabega. Nyuma ya msikiti hapakuwa na nyumba moja, zilikuwa tatu, na hakuna aliyejua ipi ni yenu. Nilisikitika kwa ajili yako. Wewe ukasimama katikati ya ile ambayo mlango wake ulikutosha mabega, ukasema, "Ukuta, mwambie mke wa Yusufu, hii inatosha." Ukaenda kuswali rakaa mbili ndani ya msikiti usio na paa, mimi nikakungoja nje na viatu vyako.

Sijawahi kuwa na siku kama ile na baba yangu mwenyewe. Naiandika taratibu kwa sababu sitaki kufika mbele.

Jua likawa kali. Chupa yetu ya maji tulikuwa tumeiacha kwenye mashua. Tulikitafuta kisima cha wazee, tukakikuta kimejaa majani makavu. "Ukuta," ukasema, na sauti ilikuwa imekauka, "mwambie mwenzako kiu imenishika. Akiona maji popote aniambie." Nikauambia ukuta nimesikia.

Tukashika njia ya kurudi kwa nahodha. Ulitangulia tena. Mimi nikachelewa, kwa sababu kwenye mchanga niliona shanga ndogo nyekundu, za watu waliokufa zamani, na nikainama kuziokota. Niliponyanyua kichwa, lile tope tulilopita asubuhi lilikuwa linang'aa. Maji ya kwetu hushuka, baba. Kiwira inashuka, vijito vyote vya Rungwe vinashuka, hakuna hata kimoja nilichowahi kuona kikirudi kilikotoka. Sikujua kwamba yale hurudi. Yalikuwa yanaingia kati ya mikoko bila kelele, na mbele yako, hatua kama ishirini, palikuwa na mkondo ambao asubuhi tuliuvuka maji yakiishia kwenye kifundo cha mguu. Sasa ulikuwa umejaa, na wewe hukuuona.

Nilitakiwa kukuita. Hilo tu. Mdomo ulifunguka na jina lako likafika kwenye ulimi, nikalisikia uzito wake, likakwama. Nikatafuta neno la kile kinachokuja, nalo lilikuwa lile lile, lako na herufi moja tofauti. Hata "baba" sikuwa nimewahi kukuita ana kwa ana. Na ukuta haukuwepo wa kuutuma. Nikanyoosha mkono kuonyesha mkondo, nikapiga kelele neno pekee nililoruhusiwa. "Maji! Maji!"

Uligeuka. Nikauona uso wako kwa mara ya kwanza, maana sikuwahi kukuruhusu unione wala mimi kukuona, nao ulikuwa unatabasamu. Uliona kivuli cha mkono wangu na kidole kilikoelekea. Ukainua fimbo kunishukuru, ukafuata kidole changu.

Ulizama mpaka kifuani, kisha mpaka shingoni. Kulikuwa na mwanamke wa kisiwani akitafuta pweza kwa mchokoo wake, ile fimbo ya kuchokolea mashimo, baadaye nikajua anaitwa Bi Somoe. Alikuwa mbali kuliko mimi. Akaja akikimbia, akipiga kelele, "Mshike mkono, mwanangu! Mshike!" Mkono wako ulikuwa umetoka juu ya maji, na mimi nilikuwa nimeshafika ukingoni. Kofia ilikuwa imetoka, shati limekuvuka begani. Na mimi, baba, nikageuza uso. Nilikupa mgongo, kama nilivyofundishwa kufanya migombani. Nilisimama hivyo nikiwa nimeshika shanga, nikasikia nyuma yangu Bi Somoe akiingia majini na wewe ukikohoa.

Alikutoa. Alikuegemeza kwenye mizizi ya mkoko ukatapika maji ya chumvi, kisha akanijia mimi akitweta. "Wee, mzee wa watu unamwelekeza mkondoni? Kwenu maji hayajai?" Nikamwambia nilipiga kelele. "Ulisema maji," akanijibu, sasa kwa upole. "Ungesema yanajaa, mwanangu. Yanajaa tu, angeelewa." Neno jepesi namna ile, na halikufanana na jina la mtu yeyote.

Zaina alipouliza ulimjibu wewe, kabla yangu. "Niliteleza." Yusufu alipouliza, niliteleza. Majirani wa Msasani, mtaani kwetu Tukuyu, waliokuja kukupa pole, niliteleza. Nami nikaitikia, ndiyo, tope lile linateleza sana. Kile kifua hukupona tena. Tulirudi Tukuyu wakati wa ukungu, baridi ile unayoijua inayoingia mpaka kwenye mablanketi, na daktari alisema mapafu bila kusema sababu. Hakuna aliyenilaumu. Ninayesema hapa leo ni mimi, na Yusufu atasoma hili kama wengine watakavyosoma, atajua kwamba baba yake hakuteleza.

Siku zako za mwisho nilikuwa nakaa upande wa pili wa ukuta wa chumba chako, kwenye kigoda, nikimenya viazi ili watu wasiniulize nafanya nini pale. Asubuhi moja uligonga tofali la ukuta kwa kidole. "Ukuta," ukasema. Nikaacha kisu. "Mwambie mke wa Yusufu, aliposema maji nilifurahi. Nilidhani amenipatia kisima." Ukapumzika, pumzi zikawa zinakwaruza. Halafu ukasema, "Mwambie aniite. Mara moja tu, kwa jina langu. Nataka kulisikia kwake."

Sikukuita. Nilijua ulichokuwa unafanya, ulikuwa unanifungulia. Nilikaa na kiazi mkononi, na wewe ukangoja upande wa pili, nikakusikia ukingoja. Kisha ukaanza kukohoa na Zaina akaingia na uji. Siku tatu baadaye tulikuzika.

Mwaka uliofuata nilizaa mtoto wa kiume na Yusufu akampa jina lako. Mimi namwita Babu. Watu wanadhani ni mapenzi, na ni mapenzi, lakini mwalimu wake aliponiuliza mtoto anaitwa nani nilimwambia asome kwenye cheti. Juzi mtoto mwenyewe ameniuliza, "Mama, kwani jina langu ni baya?" Hilo nalo ndilo limenikalisha hapa.

Nimewaza sana kuhusu mama yangu. Yuko Kyimo bado, mzee sasa, na akisikia atasema nimevunja. Sitabishana naye. Lakini nadhani nilivunja siku ile ukingoni, nilipoona mkono wa mkwe wangu ukiomba mkono, nikaupa mgongo na kuuita mgongo huo heshima. Alichonifundisha yeye ni kukuogopa kwa sababu wewe ni mkubwa. Hakunifundisha kukuacha. Hilo nililiongeza mwenyewe, kwa woga wangu, na nimelibeba peke yangu muda wa kutosha.

Yusufu amerudi, namsikia anavua viatu kibarazani. Nimechukua karatasi ya fundi. Nimeandika herufi ya kwanza, nikangoja, mkono haukukauka. Nimeandika ya pili. Sasa zimekamilika zote, kubwa, zimenyooka, fundi hatapata shida:

BAKARI SALUMU

Yusufu ameingia akazitazama, kisha akanitazama mimi, kwa sababu ananisikia nikisema kwa sauti peke yangu mezani na hajui naongea na nani. Naongea na wewe. Bakari. Baba Bakari! Hiyo ni bahari, inarudi. Usiende huko ninakoonyesha. Geuka, njoo huku niliko, nipe mkono.

Lala salama, baba.

Mkweo,
mke wa Yusufu